Gari likibugia mafuta, usiharakishe kuilaumu sensa ya oksijeni

TAA ndogo ya rangi ya machungwa, yenye mchoro wa injini, inapowaka kwenye dashibodi, madereva hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoifunika kwa kipande cha karatasi na kuendelea na safari zao, na wapo wanaokimbilia gereji.

Kundi la pili ndilo lenye busara, ila si kila mara linalosalimika. Katika gereji nyingi fundi huchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akaitazama kwa muda mfupi, kisha akatoa hukumu: sensa ya oksijeni imekufa. Mwenye gari hutumwa Barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, akanunue nyingine. Hulipa maelfu ya shilingi, sensa hufungwa na taa huzimwa.

Baada ya wiki mbili taa huwaka tena, na gari linabugia petroli vilevile.

Kwa dereva wa teksi ambaye faida yake ya siku hupimwa kwa lita, hiyo si hasara ndogo. Amenunua kipuri asichokihitaji, na ugonjwa wenyewe ungali ndani ya injini.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Sensa ya oksijeni ni mjumbe tu, kazi yake ni kupeleka habari za moshi kwa kompyuta ya gari. Habari ikiwa mbaya, yawezekana mjumbe amesema kweli, na anayestahili kushtakiwa ni plagi iliyochoka, mpira wa hewa uliopasuka au ekzosi inayovuja.

Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito. Hewa ikizidi, huwa mwepesi. Mchanganyiko mzito hupoteza mafuta na kutoa moshi wenye sumu, nao mwepesi huinyima injini nguvu.

Sensa yenyewe hufanana kiasi na plagi. Hukazwa kwenye ekzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani ya ncha hiyo mna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu. Upande mmoja wa kauri huguswa na moshi, upande wa pili huguswa na hewa safi ya nje. Tofauti ya kiasi cha oksijeni baina ya pande hizo mbili ndiyo huzalisha umeme.

Umeme huo ni kidogo mno. Mchanganyiko ukiwa mzito hukaribia volti 0.9, na ukiwa mwepesi hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta husoma volti hizo, ikapunguza au kuongeza petroli inayorushwa na nozeli, kisha ikasoma tena. Kwa hiyo sensa iliyo hai haitulii; hupanda na kushuka muda wote injini inapofanya kazi.

Kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi. Sharti ipate joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi. Ndiyo sababu sensa nyingi zina kipasha joto cha umeme ndani yake, na aghalabu hicho ndicho hutangulia kufa.

Manufaa ya kifaa hiki huonekana wazi katika nchi kama Kenya, yenye barabara inayoanzia ufuoni na kupanda hadi nyanda za juu. Gari linaloondoka Mombasa huwa usawa wa bahari. Likifika Nairobi, takriban mita 1,700 juu, hewa imepungua uzito kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Wakati wa kabureta, gari lililorekebishwa likiwa Mombasa lilifika Nairobi likikohoa na kutoa moshi mweusi, kwa kuwa kabureta haikujua kwamba hewa imepungua. Ilimlazimu fundi kuifungua na kuirekebisha. Gari lenye sensa hujirekebisha lenyewe njiani, Voi, Mtito Andei na Emali, bila dereva kujua lolote.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuunda sensa hizi kwa wingi, na mnamo 1976 Volvo ya Uswidi ikawa ya kwanza kuzifunga kwenye magari yaliyopelekwa Marekani, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekazwa.

Kwa miaka mingi Kenya haikuweza kufaidika nazo ipasavyo. Petroli iliyouzwa humu nchini ilitiwa risasi, na risasi huipaka kauri ile na kuiua. Mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yaliacha petroli ya aina hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Tangu hapo sensa ya gari la Kenya ina nafasi ya kuishi umri wake. Zile za kisasa zenye kipasha joto huweza kutimiza kilomita 160,000 zisipopata ajali. Zile kuukuu zisizo nacho huchoka mapema zaidi.

Hata hivyo, gari lililotumika Japani kwa miaka saba kabla ya kuteremshwa bandarini Mombasa huenda tayari limeila sehemu kubwa ya umri huo. Na maadui wangalipo. Injini inayokula oili huipaka sensa masizi ya oili. Gasketi ya hedi ikivuja, maji ya rejeta yenye dawa huingia kwenye moshi na kuacha ukoko juu ya kauri. Gundi ya silikoni, ambayo baadhi ya mafundi huipaka kwa ukarimu kila wanapofungua injini, hutoa mvuke unaoifunika kauri kwa unga mweupe. Silikoni isiyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa haifai kukaribia injini ya petroli.

Mafuta yaliyochakachuliwa nayo yana sehemu yake. Mnamo 2018 serikali ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuondoa tofauti ya bei iliyowatia walaghai tamaa ya kuyachanganya na mafuta ya magari. Mafuta taa hayaungui vyema katika injini ya petroli, na masizi yake huishia kwenye plagi, kwenye sensa na kwenye ekzosi.

Kisha kuna maji. Kauri yenye moto wa nyuzi mia kadhaa ikirushiwa maji baridi kwa mashine ya kuoshea, huweza kupasuka papo hapo. Mwenye gari anayeagiza injini ioshwe punde baada ya safari ndefu hujitafutia gharama kwa pesa zake mwenyewe.

Dalili za sensa mbovu zafahamika: gari hunywa petroli kupita kawaida, moshi hunuka mafuta au huwa mweusi, injini huyumbayumba inaponguruma gari likiwa limesimama, na nguvu hupungua mlimani. Tatizo ni kwamba dalili hizo ni za magonjwa mengine kumi. Chujio la hewa lililoziba huleta baadhi yake, seuze plagi kuukuu.

Basi fundi makini huanzaje? Huanza kwa macho. Huinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vigingi imara, kisha akaufuata waya wa sensa kutoka ekzosi hadi kwenye soketi. Barabara za vumbi na mawe hukata nyaya, panya huzitafuna, na waya ulioachwa ukalegea huegemea ekzosi na kuungua. Waya uliokatika hutoa msimbo uleule ambao sensa iliyokufa ingeutoa.

Baadaye hukagua fyuzi. Fyuzi ya kipasha joto ikiungua, mashine italia kwamba sensa ina kasoro, ilhali tiba ni kipande cha plastiki cha bei ya soda.

Ndipo huchomeka mashine. Magari mengi ya kisasa yana tundu lenye nafasi 16 chini ya usukani. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari mapya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Misimbo inayosomwa hapo haina uzito sawa, na hapa ndipo wengi hupotea.

Msimbo P0135 husema saketi ya kipasha joto cha sensa ya kwanza ina hitilafu, na P0133 husema sensa hiyo imekuwa nzito kujibu. Hiyo yaihusu sensa yenyewe au nyaya zake. Lakini P0171 husema tu kwamba mchanganyiko ni mwepesi mno, nao P0172 kwamba ni mzito mno. Hizo ni habari zilizoletwa na sensa. Fundi anayeisoma P0171 na kuagiza sensa mpya amemwua mjumbe.

Tuseme plagi moja haitoi cheche. Petroli na hewa ya silinda hiyo hutoka bila kuungua. Sensa haijui kuhesabu petroli, hujua oksijeni pekee, na oksijeni imejaa kwenye moshi. Kwa hiyo huripoti kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Kompyuta nayo, kwa utiifu wake, huongeza petroli katika injini ambayo tayari inaitupa. Gari linakunywa mafuta mara dufu kwa sababu ya plagi moja, na sensa ikibadilishwa hata mara tatu, hali itakuwa ileile.

Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa hufanya hila kama hiyo. Kila moshi unapopita kwa mapigo, ufa huvuta hewa ya nje ndani, sensa ikainusa na kulia kwamba petroli haitoshi. Ufa huo husikika injini ikiwa baridi, kwa mlio wa tik-tik, na pembeni huacha alama nyeusi ya masizi.

Nambari za sensa pia huchanganya watu. Sensa ya 1 ndiyo iliyo kabla ya kile chombo cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita katalitiki. Sensa ya 2 iko baada yake. Ya kwanza ndiyo hupima mchanganyiko. Ya pili, hasa, huchunguza kama katalitiki ingali inafanya kazi, na volti zake hutakiwa kutulia. Zikianza kurukaruka sawa na za ile ya kwanza, na msimbo P0420 ukajitokeza, huenda aliyechoka ni katalitiki. Si nadra mtu kubadilishiwa sensa ya nyuma ilhali kasoro ni ya mbele.

Baada ya misimbo, huja kipimo chenyewe, na hiki hakihitaji mashine ya bei ghali. Mita ya umeme ya kawaida yatosha, almuradi ni ya dijitali. Injini huwashwa hadi ipate joto kamili. Ncha nyeusi ya mita hushikishwa chuma cha injini, ile nyekundu hupenyezwa nyuma ya soketi mpaka iguse waya wa ishara, soketi ikiwa imefungwa. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, volti zapaswa kucheza kati ya 0.1 na 0.9. Kwa magari ya Toyota, kipimo kilichozoeleka ni mara nane au zaidi katika sekunde 10.

Zikicheza kwa uvivu, sensa imezeeka. Zikikwama mahali pamoja, bado si wakati wa kuhukumu. Fundi huivuruga injini makusudi: huchomoa mpira mmoja mdogo wa hewa kwenye manifoldi, na volti sharti zianguke, kisha huurudisha, akakanyaga mafuta kwa ghafla, na volti sharti ziruke juu. Sensa inayoitikia majaribio yote mawili iko hai, na ugonjwa utafutwe kwingine. Isiyoitikia hata moja, ilhali nyaya zake ni nzima, imekufa kweli.

Kipasha joto hupimwa injini ikiwa baridi na soketi ikiwa imechomolewa. Katika sensa ya nyaya nne, mara nyingi nyaya mbili zenye rangi moja ndizo zake. Mita huonyesha omu chache, pengine kumi na kitu, kutegemea gari. Ikionyesha kwamba njia imekatika, kipasha joto kimeungua. Kikiwa kizima, fundi hupima upande wa pili wa soketi, swichi ikiwa imewashwa, kuona kama volti 12 zinafika.

Kuna tahadhari moja ambayo imewagharimu mafundi wengi wa jua kali. Magari mengi ya kisasa, yakiwemo baadhi ya Toyota zilizojaa barabarani humu nchini, hayana sensa ya kawaida mbele ya katalitiki. Yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo kwa sura ni pacha wa ile nyingine lakini hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Kipimo cha 0.1 hadi 0.9 hakiihusu; fundi akikitumia ataiona imekufa ilhali ni nzima. Nazo haziwezi kubadilishana, hata kama soketi zitaingiana.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda dukani abebe nambari ya chesi ya gari au nambari iliyoandikwa kwenye sensa iliyotolewa. Jina la gari pekee halitoshi, kwani gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na injini mbili tofauti.

Vipi kuhusu sensa ya mtumba? Wauzaji watasema imetoka Japani na ni halisi. Huenda ni kweli. Lakini sensa ni kitu kinachochakaa kama breki, na hakuna anayeweza kuitazama kwa macho akajua imebakisha kilomita ngapi. Mlango wa mtumba au taa ya mtumba ni biashara ya busara; sensa ya mtumba ni bahati nasibu. Bandia nazo zipo, zikiwa kwenye maboksi yenye majina makubwa. Afadhali ya kampuni isiyo na umaarufu ambayo duka linakubali kuiandikia dhamana, kuliko jina kubwa lisilo na risiti.

Kuifunga si kazi ngumu, ila kutu huifanya kuwa ngumu. Baadhi ya sensa hushikiliwa na nati mbili ndogo. Nyingi zina hesi zake zenyewe na hufunguliwa kwa spana ya milimita 22. Ipo spana maalumu yenye mwanya wa kupitishia waya. Mafuta ya kulegeza kutu hunyunyizwa, yakaachwa kwa saa kadhaa. Injini ikiwashwa kwa dakika chache, chuma hupanuka na sensa hulegea kwa urahisi zaidi, mradi anayeifungua amevaa glavu nene, maana ekzosi huchoma vibaya. Ikikataa, nguvu za kupita kiasi huharibu hesi za ekzosi, na hapo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya mchomeleaji.

Sensa mpya huja na hesi zilizopakwa dawa ya kuzuia kushikana. Isipokuwa nayo, hupakwa kidogo kwenye hesi pekee. Ncha haiguswi kwa mafuta wala kwa kidole. Huanzwa kukazwa kwa mkono, kisha spana huimalizia, kwa kiasi cha nyutoni-mita 40 kwenye sensa nyingi, yaani imara bila kuning'inia kwenye spana.

Kosa la mwisho hufanywa kwenye nyaya. Duka likikosa sensa yenye soketi inayofaa, fundi hukata nyaya za ile ya zamani, akaziunganisha na mpya kwa risasi ya kulehemu na kuzifunga kwa utepe. Sensa nyingi huvuta hewa yake safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya hizohizo. Kuzilehemu ni sawa na kuiziba pua. Kwa sababu hiyohiyo, soketi haijazwi grisi wala kupulizwa dawa ya kusafishia.

Wapo watakaomshauri mwenye gari aepuke gharama zote hizi kwa kuing'oa katalitiki. Chombo hicho kina platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hawakosekani. Mara nyingine anayetoa ushauri ndiye anayefaidika zaidi na mauzo. Gari hubaki likitoa sumu ambayo chombo kile kilikuwa kikiiondoa, ikiwemo hewa ya kaboni monoksidi, na sensa ya nyuma hubaki ikilalamika, mpaka nayo idanganywe kwa kipande cha bomba cha kuisogeza mbali na moshi.

Upande mwingine, kuiacha sensa mbovu ikae ndiyo njia fupi zaidi ya kuiua katalitiki. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani yake, masega yake ya kauri yakayeyuka na kuziba. Dereva hugundua siku anayopandisha kutoka Mai Mahiu kurejea Limuru, gari likigoma kama linalovutwa nyuma kwa kamba. Bei ya katalitiki mpya huizidi ya sensa mara nyingi.

Kazi ikishakamilika, misimbo hufutwa kwa mashine na gari huendeshwa mjini na kwenye barabara kuu kwa siku chache, kompyuta ikijifunza upya. Taa isiporudi na kipimo cha mafuta kikianza kushuka polepole, fundi alipatia.

Na ile sensa ya zamani isitupwe kabla haijatazamwa. Ncha nyeusi kavu inasema mchanganyiko ulikuwa mzito. Nyeusi yenye utelezi, au ya kahawia, inasema injini inakula oili. Ukoko mweupe au wa kijanikijani hulekeza kwenye maji ya rejeta, na unga mweupe laini kwenye silikoni. Ikitoka ikiwa na rangi ya kijivu isiyokoza, basi ilikufa kwa uzee tu, na hakuna wa kulaumiwa.